Sakafu ya kliki haikuzaliwa Tabata

Mwezi wa nne mdogo wangu alinitumia video kutoka Tabata. Hakusema neno. Alielekeza simu chini, akatembea polepole kutoka mlango wa sebule hadi dirishani, nikasikia mbao zinavyolia chini ya kandambili zake. Katikati ya chumba sakafu ilikuwa imeota mgongo. Ilikuwa imeumuka kama andazi, na kingo za mbao zimejikunja kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Mwishoni ndipo aliposema: "Kaka, hii ndiyo sakafu uliyoniambia ninunue."

Ni kweli nilimwambia anunue lamineti ya kliki, yaani mbao za nyuzinyuzi za mti zilizoshindiliwa, ambazo kingo zake hujifunga zenyewe. Nina miaka 11 Göteborg, Sweden, na kazi inayonilisha huku ni hiyohiyo, kutandika sakafu za mbao na za lamineti. Baba yetu alikuwa seremala Keko, mtaa wa mafundi mbao Dar. Kwa hiyo jambo hili limenikaa moyoni, na ninataka kulisema hasa kwa wenzangu tunaotuma pesa nyumbani tukitaka sebule za Dar zifanane na za huku.

Tuanze na kiungo chenyewe, maana kila kitu kiko hapo. Mafundi wetu wanakijua kiungo cha ulimi na mfereji. Ubao mmoja una ulimi ubavuni, wa pili una mfereji, vinaingiana. Baba alikuwa akizitengeneza hivyo mbao za paini za dari, anapiga randa ya ulimi upande huu, anageuza, anachimba mfereji upande ule, na sisi watoto tunaokota maranda ya kuwashia moto. Kiungo hiki kinazuia ubao usipande wala kushuka kuliko jirani yake. Lakini hakiwezi kuzuia mbao zisiachane kando kwa kando, ndiyo maana sakafu ya namna hiyo huhitaji misumari. Msumari hupigwa mshazari juu ya ulimi, kisha mfereji wa ubao unaofuata unauficha. Ukimaliza huoni kichwa hata kimoja.

Kliki inazuia pande zote mbili. Chukua kipande cha lamineti ukitazame kwenye kingo: mdomo wa chini wa mfereji ni mrefu kuliko wa juu, na karibu na ncha yake kuna kinundu. Chini ya ulimi wa ubao wa pili kuna kijishimo. Unauinua ubao nyuzi 20 hadi 30 hivi, unaingiza ulimi, unaulaza, na kinundu kinakaa shimoni. Hapo hakuna gundi wala msumari. Sakafu nzima inakuwa kama jamvi moja lililotandazwa juu ya zege bila kushikana nalo, na ukitaka unaweza kuifungua ubao kwa ubao na kuitandika tena kwingine. Siku ya kwanza niliyoona kazi hiyo nilitamani baba angekuwepo aiguse.

Lamineti yenyewe ilianzia Sweden. Kampuni ya Perstorp ndiyo iliyoibuni mwaka 1977, ikaja kujulikana kwa jina la Pergo, na kwa miaka mingi mbao zake zilipakwa gundi. Kiungo cha kujifunga bila gundi kilikuja baadaye. Mwaka 1996 kampuni ya Välinge ya Darko Pervan ilileta mfumo wa Alloc, na mwaka uliofuata Unilin ya Ubelgiji ikatoa Uniclic, ambayo mdomo wake wa chini hupinda kidogo na kurudi, hivyo ubao unaweza pia kugongwa ukiwa umelala. Kampuni hizo mbili zilipelekana mahakamani kwa ajili ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Siku hizi upande mfupi wa ubao mara nyingi una kiulimi cha plastiki kinachofyatuka chenyewe ukikandamiza kwa mkono.

Sasa tazama ni wapi vitu hivi vilizaliwa. Nyumba za huku madirisha yana vioo viwili au vitatu na hufungwa miezi sita. Joto linatoka kwenye mabomba, na mlangoni kila mtu anavua viatu. Ndani ya katoni kuna karatasi, na karatasi nyingi nilizozisoma zinataka unyevu wa hewa chumbani uwe kati ya asilimia 30 na 60. Hata hapa si rahisi. Januari hewa ya ndani inakauka hadi chini ya hapo, mbao zinasinyaa, na wateja wanapiga simu wakiuliza nyufa zimetoka wapi. Ukifika Julai zimejifunga zenyewe. Mbao inakunywa na kutema unyevu hata ikiwa imekatwa miaka 30 iliyopita, na ndiyo sababu tunaacha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote, kisha skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, inaifunika.

Dar hakuna asilimia 30. Tunaishi madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia na kutoka, na masika nguo ndani ya kabati zinanuka ukungu. Ubao uliotulia Dar una maji kama asilimia 14 au 15 ya uzito wake. Mbao za sakafu zinazotengenezwa huku hukaushwa kwenye matanuru hadi asilimia 7 au 8. Ukiutoa huo kwenye katoni na kuuweka sebuleni Tabata, utakunywa mpaka ulingane na hewa, na ukinywa unapanuka. Lamineti nayo, kwa kuwa moyo wake ni nyuzinyuzi za mti zilizoshindiliwa, inapanuka vilevile, na ikishavimba kwa maji hairudi.

Halafu kuna deki. Mama alitulea tukijua kwamba chumba kisichomwagiwa maji hakijasafishwa, na mimi sikubali kuambiwa kuwa hiyo ni tabia mbaya. Mji una vumbi na mchanga, watu wanaingia na kutoka, na juu ya niru, terazo au marumaru ndoo ya maji ndiyo usafi wenyewe. Lakini kliki ina mstari kila baada ya sentimita 20 hivi, na kila mstari ni mlango. Hata viwanda vinavyopaka nta kwenye kingo vinajaribu kuzuia maji ya glasi iliyoanguka, si ndoo mbili kila asubuhi. Duka lililomuuzia mdogo wangu halikumwambia neno juu ya hilo. Na mimi, mwenye kazi hii, sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimesahau jinsi sebule ya kwetu inavyosafishwa. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Nilimwomba abandue skatingi anionyeshe. Mbao zilikuwa zimegusa ukuta pande zote, kwa hiyo zilipopanuka hazikuwa na pa kwenda ila juu. Chini hakukuwa na plastiki ya kuzuia unyevu wa zege. Katoni zilifunguliwa asubuhi na kutandikwa siku hiyohiyo, badala ya kulazwa chumbani saa 48 zizoee hewa. Fundi alifanya kwa bidii, viungo vyake vimefungwa vizuri kweli. Hakuna aliyemfundisha, karatasi ya ndani haikuwa na Kiswahili, na alipewa siku moja amalize. Huku mimi nilifundishwa kwa miaka, nina kipimo cha unyevu wa zege, na nikisema zege haijakauka, kazi inasimama na hakuna anayenigombeza. Fundi wa Keko akisema tusubiri wiki mbili, anaambiwa anatafuta pesa. Mikono yetu haijazidiwa na ya watu wa huku, ila huku fundi anasikilizwa.

Kwa maoni yangu, nyumba za chini za Dar ziachwe na niru au marumaru, na asidanganyike mtu kwamba ni umaskini. Kliki inaweza kufaa chumba cha juu chenye kiyoyozi kinachowashwa kila siku. Na anayetaka mbao kweli, atafute mbao yetu. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana unyevu ukibadilika, na mchwa hauupendi moyo wake. Mtiki wa mashamba ya Kilombero na Longuza nao ni mzuri. Ni ghali, najua. Lakini sakafu hiyo ikichakaa inapigwa msasa na kung'aa upya mara kadhaa, wakati uso wa lamineti ni picha ya mti iliyochapwa kwenye karatasi, ukiukwaruza umekwisha. Ikatwe ulimi na mfereji, ipigwe misumari ya mshazari juu ya ulimi kama baba alivyopiga, na iachiwe nafasi ukutani. Shida moja kubwa ni kwamba mbao nyingi madukani zinauzwa zingali mbichi, na kiungo kizuri juu ya mbao mbichi kitaachia tu.

Lamineti ya Tabata tuliitoa mwezi wa sita. Kwa kuwa ni kliki, mbao nzima zilifunguka bila kuvunjika, na chini yake tukakuta niru nyekundu aliyoipiga baba, haina hata ufa. Mdogo wangu anapiga deki kama zamani. Mbao za mninga tumeshanunua, za chumba kimoja tu, zimepangwa chumba cha uani na vijiti katikati ili hewa ipite. Juzi amepiga simu kuuliza: "Kaka, hizi zitakaa hivi mpaka lini?" Nimemwambia vuli ipite, na masika yote nayo ipite, ndipo tuzipeleke Keko zikatwe ulimi.