Mganga Mkuu wa Wilaya si msimamizi wa ujenzi

Ukitaka kujua halmashauri zetu zinamwonaje Mganga Mkuu wa Wilaya, yaani DMO, sikiliza anavyosifiwa. Atasifiwa kwa wodi ya wazazi iliyopauliwa kabla Mwenge haujafika. Atasifiwa kwa maboma ya zahanati yaliyokamilishwa na kwa fedha za fosi akaunti, yaani ujenzi wa kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi, zilizotumika zikaisha salama. Akilaumiwa ni hivyo hivyo: saruji haikutosha, milango imechelewa, mkaguzi ameandika hoja. Nilihudhuria vikao vya namna hiyo kwa miaka mingi nikiwa bwana afya, na ni mara chache mno niliposikia diwani akimgeukia DMO na kumuuliza swali ambalo ni lake hasa: mwaka huu watu wetu wamekufa kwa nini?

Majengo yana mhandisi wa halmashauri. Manunuzi yana kitengo chake. Magari, likizo na barua za ofisi zina katibu wa afya, na wengi wao wanaijua kazi hiyo kuliko daktari yeyote. Daktari aliwekwa kwenye menejimenti ya halmashauri kwa jambo ambalo wengine wote hawaliwezi, yaani kuzikusanya takwimu za vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma za afya, kutoka kila zahanati, kuzilinganisha, kuona kwamba kata tatu za bondeni zinapoteza watoto kuliko kata nyingine, kujua sababu, na kuisimamia sababu hiyo mbele ya watu walioshika fedha. Hapo ndipo tunapomkosa.

Wanaoliona hili kuwa jambo la vitabuni, nawarudisha Rufiji na Morogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha huko mradi uliojulikana kama TEHIP. Wadadisi walipita kaya kwa kaya, wakahesabu waliofariki na kuwauliza wafiwa kuhusu dalili za marehemu, kwa kuwa wengi walifia nyumbani bila jina lao kuingia kwenye daftari lolote la hospitali. Kisha orodha ya vifo ikawekwa kando ya bajeti ya wilaya. Morogoro, malaria ilikuwa inakula asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini kwenye bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilikuwa kinachukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo na kimewekewa asilimia 22.

Hapo hakuna aliyeiba. Fedha zilikuwa zinafuata mazoea na miradi ya wafadhili, na hakuna aliyewahi kuziweka karatasi hizo mbili juu ya meza moja. Timu za afya za wilaya zilipopewa nyongeza ndogo, isiyofika hata dola mbili kwa mkazi kwa mwaka, pamoja na chati rahisi za kuwaonyesha fedha zinaelekea wapi na vifo viko wapi, zilianza kuhamisha mafungu: vyandarua vyenye dawa, mafunzo ya kumtibu mtoto kwa kumwangalia mwili mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, pikipiki na redio za mawasiliano ili usimamizi ufike zahanati za mbali. Katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Wapo watakaosema vyandarua vilikuwa vinaenea nchi nzima wakati huo, na ni kweli. Hata hivyo, uamuzi wa kuacha kugawa fedha kwa mazoea ulifanywa na watu wa wilaya wenyewe, waganga wakuu wakiwa mbele, wala hawakusubiri hospitali mpya.

Tangu hapo tumepiga hatua ambazo sitazibeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa 2015/16. Majengo yana sehemu yake humo, hasa vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji kwa akina mama wanaopata shida wakati wa kujifungua. Sina ugomvi na tofali. Ugomvi wangu ni kwamba tofali limemmeza daktari.

Chukua udumavu. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 nchini wamedumaa. Mkoa unaoongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa nayo iko kwenye nusu hivi. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Mtoto aliyedumaa haji kulazwa. Hana kitanda, hana faili, na mama yake hajui kama ana tatizo, maana watoto wa jirani wote wana kimo hicho hicho. Sababu zake zimesambaa: uji mtupu usio na kitu ndani, mama anayerudi shambani mapema na kumwachia kichanga dada yake wa miaka minane, kuhara kusikokwisha kwa sababu ya maji ya mto, binti aliyebeba mimba kabla mwili wake haujakomaa. Daktari anayesubiri wagonjwa ofisini au wodini hataugusa ugonjwa huu. Atakayeugusa ni yule anayekwenda kumshika mkono afisa kilimo, afisa maendeleo ya jamii, watu wa maji na watendaji wa kata, halafu akaingia kwenye Kamati ya Fedha kudai shilingi.

Na shilingi zenyewe zipo kwenye makubaliano. Chini ya mkataba wa lishe, uliosainiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wilaya yenye watoto 40,000 inapaswa kutoa milioni 40. Kutenga si tabu, makaratasi hayakatai. Kutoa ndiko kuna ngoma. Katika halmashauri moja niliyoifahamu vizuri fedha hizo zilikuwa zinatoka mwezi Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, zinaishia kwenye semina na maadhimisho. Diwani naye ana hesabu zake. Darasa linaonekana, lina bango na siku ya uzinduzi. Sentimita nne za kimo cha mtoto hazizinduliwi na mtu. Nani wa kumwambia diwani kwamba mtoto huyo ndiye atakayekaa kwenye darasa hilo bila kuelewa anachofundishwa, kama si daktari? Na amwambie kwa takwimu za kata yake, si za taifa. Takwimu za taifa hazimnyimi diwani usingizi.

Tatizo ni kwamba daktari huyu anatumikia mabwana wengi. Miongozo ya kitaalamu inatoka Wizara ya Afya kupitia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Ajira na uhamisho ni mambo ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Kila siku yuko chini ya Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ameteuliwa na Rais na anapimwa sana kwa mapato aliyokusanya. Sasa kipindupindu kinaingia, daktari anataka mnada ufungwe wiki mbili, na mnada huo ndio unaoleta ushuru. Hapo kamba inavutwa pande zote, na tunajua inakatikia wapi. Nimeona DMO akipewa lawama mbele ya mkutano wa hadhara kwa upungufu wa dawa ambazo hata kuagiza alishaagiza, wananchi wakashangilia, na kesho yake kila mganga wa zahanati akawa amejifunza kunyamaza.

Kunyamaza huko kunaweza kuanzia juu kabisa. Mwishoni mwa Aprili 2020 nchi iliacha kutoa takwimu za kawaida za corona, na hazikurudi hadi katikati ya 2021. Kwa muda wote huo mganga mkuu wa wilaya alibaki na wagonjwa anaowaona na hana namba ya kuitangaza. Sitaki kuwahukumu waliokuwa kwenye viti hivyo. Walikuwa na ajira ya kulinda na watoto wa kusomesha.

Kinyume chake tulikiona Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa virusi wa Marburg ulipothibitishwa Bukoba, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Kwa wiki hizo kila mwenye cheo alimsikiliza daktari: nani afuatiliwe, nani atengwe, mazishi yafanywe vipi. Kwa hiyo kusikiliza tunaweza. Mlipuko ukiisha tunamrudisha kwenye saruji.

Wapo wanaouliza kama ni lazima mkuu wa afya awe daktari. England tangu Aprili 2013 kazi ya afya ya jamii imerudishwa kwenye halmashauri, na wakurugenzi wake wengine si madaktari, ila wote ni wabobezi wa afya ya jamii. Kwa kwetu bado nasema awe daktari, kwa sababu ya uzito wa neno lake anapofunga mnada na kwa sababu anajua kusoma wodi. Lakini daktari tunayempata amefundishwa miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi kumtazama mgonjwa mmoja aliyeko mbele yake. Mpasuaji hodari anapewa wilaya kama zawadi, na siku hiyo tunapoteza mpasuaji bila kupata kiongozi. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii iwe sharti la kushika kiti hicho, isiwe pambo la kupandia daraja. (Na mabwana afya wasikilizwe pia. Hilo nalisema kwa masilahi yangu mwenyewe.)

Mambo mengine yameshalainika. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hivyo DMO hana tena sababu ya kukesha akigawa vocha za mafuta ya jokofu la chanjo. Muda huo aliopewa usijazwe na nondo. Ujenzi abaki nao mhandisi, aulizwe yeye na alaumiwe yeye.

Jambo moja la Waingereza ningeliiga kesho. Sheria yao inamtaka mkurugenzi wa afya ya jamii kuandika kila mwaka ripoti yake mwenyewe kuhusu afya ya watu wa eneo lake, na halmashauri inalazimika kuichapisha, ipende isipende. Tena haiwezi kumfukuza bila kwanza kushauriana na waziri. Sisi tuna ripoti za kila robo zinazopanda ngazi hadi Dodoma na mpango kabambe wa afya wa halmashauri, mnene, ambao mwananchi hajawahi kuuona. Namtaka Mganga Mkuu asimame kwenye Baraza la Madiwani, kikao cha wazi, wananchi wakiwemo ukumbini, asome kata kwa kata nani amekufa, kwa nini, na fungu gani lilipaswa kuzuia. Afanye hivyo kabla bajeti haijapitishwa, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pale pale tunapobandika mapato na matumizi.