Michezo ya uhusika ya Kijapani si zilipendwa

Kila mchezo wa video wa Kijapani wa miaka ya 1980 au 1990 unaporudi sokoni, kama ulivyorudi Dragon Quest III mnamo Novemba 2024 na kama zilivyorudi Suikoden mbili za kwanza mnamo Machi 2025, huibuka hoja ile ile: wanaoushangilia ni watu wazima wanaolilia utoto wao, na kampuni zimegundua kwamba kilio hicho kina bei. Kiswahili kina neno linalobeba hukumu hiyo lote kwa pamoja, nalo ni zilipendwa. Tunalitumia kwa mapenzi tunapozungumzia muziki wa dansi wa zamani, lakini kiambishi chake cha wakati kinasema wazi kwamba kupendwa huko kulikuwa kwa enzi ile, na sasa tunakumbushana tu. Ninaona kwamba neno hilo, likibandikwa kwenye michezo ya uhusika ya Kijapani, yaani ile ambayo mchezaji anawaongoza mashujaa katika hadithi ndefu, linapotosha, na kwamba upotoshaji huo una gharama inayohesabika. Lakini wanaolitumia wana sababu zao, na baadhi ya sababu hizo ni za kweli kabisa.

Wa kwanza kukubaliwa ni ukweli kwamba mingi ya michezo hii ilimchosha mchezaji kwa makusudi. Chrono Trigger ilipotoka Japani mwaka 1995 iliuzwa kwa yeni 11,400, na mzazi aliyelipa fedha hizo kwa kaseti moja alitarajia imshughulishe mtoto kwa majuma, si kwa siku mbili. Michezo ya aina hii ikarefushwa kwa namna iliyokuwa rahisi: mashujaa hawapigi hatua kumi bila kushtukizwa na maadui wasioonekana, na asiyeongeza nguvu zake kwa kuwapiga maadui wale wale mara hamsini hawezi kumshinda jitu anayelinda mlango. Nani anaweza kusema kwamba anaikumbuka kwa furaha ile nywila ya Dragon Quest II ya mwaka 1987? Kaseti haikuwa na betri ya kutunza kumbukumbu, hivyo mchezaji wa Japani alipotaka kupumzika alipewa mfuatano wa herufi za hiragana unaoweza kufika 52, akaunakili kwa mkono katika daftari, na kesho yake akauingiza tena herufi moja moja. Akiwa amenakili vibaya herufi moja, kwa kuwa kioo cha televisheni hakikuwa safi au kwa kuwa herufi mbili zinafanana, safari ya majuma mawili inakataliwa mlangoni. Toleo la tatu, la mwaka 1988, liliweka betri ndani ya kaseti, na hakuna aliyeomba nywila irudishwe.

La pili la kukubaliwa ni kwamba hamu ya enzi zilizopita ipo, na ina nguvu. Wakati wanamichezo wa mataifa walipoingia uwanjani Tokyo kufungua Olimpiki mnamo Julai 2021, muziki wa kwanza kuwapokea ulikuwa ule wa ufunguzi wa Dragon Quest, uliotungwa na Koichi Sugiyama, na baadaye zikafuata nyimbo za Final Fantasy na Chrono Trigger. Taifa halichagui muziki wa namna hiyo kwa ajili ya thamani ya kisanaa peke yake; linauchagua kwa sababu kizazi kizima kilikua kikiusikia sebuleni. Na kampuni zinalijua hilo. Final Fantasy VII ya mwaka 1997, iliyokuwa na CD tatu, inatengenezwa upya kwa sehemu tatu zinazouzwa kila moja kwa bei yake. Mbili zimeshatoka, mwaka 2020 na 2024. Anayesema kwamba hapa kuna biashara ya kumbukumbu hajakosea.

Anapokosea ni pale anapodhani kwamba amemaliza kueleza.

Mimi sikucheza Final Fantasy VI mwaka 1994. Niliufikia nikiwa mtu mzima, kwenye simu, bila kumbukumbu hata moja ya utoto inayohusiana nao, na bila kaka au binamu aliyewahi kunionyesha. Kwa hiyo nilipofika kwenye tukio la opera sikuwa na cha kukumbuka. Celes, aliyekuwa jenerali wa jeshi la dola na sasa ni mwasi, analazimika kupanda jukwaani badala ya mwimbaji maarufu anayefanana naye, ili kumnasa mwenye merikebu ya angani anayepanga kumteka mwimbaji huyo. Kabla ya kupanda unapewa maneno ya wimbo uyasome. Kisha uko jukwaani, orkestra inaanza, na ni wewe unayepaswa kuchagua mstari unaofuata. Ukikosea, onyesho linaharibika. Mwili wote wa Celes ni vinukta vichache vya rangi. Hana midomo ya kusogea wala uso wa kutoa machozi. Ana uwezo wa kugeuka, kuinamisha kichwa, kutembea polepole. Sauti yake katika kaseti ya awali haikuwa sauti ya mtu, bali mlio wa kutetemeka uliotolewa na chipu yenye njia nane za sauti, na mtunzi wa muziki wake, Nobuo Uematsu, aliandika wimbo akijua kwamba hicho ndicho koo pekee alilopewa. Baadaye anapanda ngazi za mnara akiwa na shada la maua mkononi, na mimi niliyekuwa ndani ya daladala iliyosimama kwenye foleni nilisahau kushuka.

Katika toleo la mwaka 2022 waliweka waimbaji wa kweli, kwa lugha saba. Ni kazi nzuri na sina neno baya juu yake. Lakini ilinisaidia kuelewa kilichokuwa kimetokea mara ya kwanza: ule mlio wa chipu ulikuwa umeniachia nafasi, na nafasi hiyo niliijaza mwenyewe kwa sauti ambayo sijapata kuisikia popote. Msomaji wa utenzi anafanya kazi ya aina hiyo hiyo anapoambiwa tu kwamba farasi wa shujaa alikuwa mweupe. Ukomo wa mashine uliwalazimisha waandishi kutegemea maneno, mpangilio na ukimya, na wale waliokuwa na kipaji walijifunza kuvitumia kama vyombo. Sidai kwamba uchache wa vinukta una thamani kwa wenyewe; ipo michezo mingi ya wakati ule yenye vinukta vichache na isiyo na lolote. Ninachodai ni kwamba kilichonishika ndani ya daladala kilikuwa ufundi, na ufundi hauhitaji niwe nilizaliwa wakati gani.

Hata ule uchovu niliokubali hapo juu unastahili kutazamwa mara ya pili. Katika Dragon Quest ya kwanza, ya mwaka 1986, mbunifu wake Yuji Horii aliweka kanuni inayoonekana ndogo: shujaa akiuawa anaamka mbele ya mfalme akiwa amepoteza nusu ya dhahabu yake, lakini uzoefu alioukusanya haupungui hata chembe. Michezo mingi ya mashine ile ile, ya kampuni ya Nintendo, ilimpa ushindi mwenye vidole vyepesi, na aliyeshindwa alirudishwa mwanzo kabisa. Horii alifungua mlango kwa asiye na vidole vyepesi, mradi ana subira na anasoma. Mapigano ya zamu, ambayo leo yanaitwa ya kizamani, yalimpa mchezaji muda wa kufikiri: adui anasimama, orodha ya maamuzi iko mbele yako, na hakuna anayekuharakisha.

Na yale mapigano ya kushtukiza yana hesabu yake. Ukiingia pangoni na dawa nane na nguvu za uchawi za kutosha marudio kumi na mawili, kila adui mdogo anakunyofoa kidogo, na swali halisi halimhusu yeye bali linahusu safari: je, unacho cha kukufikisha chini, au urudi kijijini sasa, ukubali hasara ya njia uliyokwisha kutembea? Matoleo mapya ya Final Fantasy za mwanzo yanakuruhusu kuyazima mapigano hayo kabisa. Ninafurahi kwamba ruhusa hiyo ipo, kwa kuwa mwenye kazi na watoto wawili hana saa arobaini. Hata hivyo, ukiyazima, pango linageuka kuwa ujia wenye kona, na mtu anayeshuka ujia huo kisha akatangaza kwamba michezo ya zamani haina mkakati atakuwa ameuhukumu mchezo baada ya kuutoa moyo.

Sasa niseme kwa nini jina la zilipendwa lina gharama. Mnamo Julai 2023, Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya michezo ya video, likishirikiana na Software Preservation Network, mtandao wa wahifadhi wa programu za kompyuta, lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video ya zamani iliyotolewa Marekani, yaani ile ya kabla ya mwaka 2010, haipatikani tena kwa njia ya kununua kutoka kwa wenye haki. Inayopatikana ni asilimia 13. Kwa familia ya Game Boy, mashine iliyokuwa mikononi mwa mamilioni ya watoto, kiwango kilikuwa chini ya asilimia 6. Nimeirudia namba hii mara nyingi kichwani. Tunazungumzia vitu vya miaka ishirini, thelathini iliyopita, ambavyo waliovitengeneza wengi wao wako hai, na vilivyochapishwa kwa maelfu ya nakala. Havikuungua na havikuzama. Viliachwa tu, kwa kuwa mtu fulani alikadiria kwamba waliovikumbuka wamebaki wachache mno.

Ipo hoja inayopinga uzito wa namba hiyo, nayo ni ya heshima. Inasema kwamba sehemu kubwa ya asilimia 87 ni takataka, na kwamba soko limechuja: Chrono Trigger imebaki kwa sababu ni bora, na ile iliyopotea haikustahili kubaki. Ningeikubali kama soko lingekuwa na historia ya kuchuja vizuri. EarthBound, mchezo wa Shigesato Itoi kuhusu watoto wanaovuka Marekani ya kubuni wakiwa na silaha kama kirungu cha besiboli, ulitolewa Marekani mwaka 1995 na ukauza takriban nakala 140,000 tu. Picha zake zilionekana za kitoto, na kwa mujibu wa soko ulikuwa umehukumiwa. Haukuuzwa tena huko hadi mwaka 2013. Katika hiyo miaka kumi na minane, walioutunza walikuwa mashabiki waliobadilishana maandishi na michoro, na miongoni mwa vijana waliokulia katika kundi hilo alikuwamo Toby Fox, ambaye mwaka 2015 alitoa Undertale, mmoja wa michezo iliyosifiwa kuliko yote ya muongo ule, wenye alama za EarthBound kila ukurasa. Mbegu hiyo ilikuwa ndani ya lile gunia la takataka. Ni nani atakayetuambia mbegu nyingine ngapi zimo ndani ya asilimia 87, ikiwa hakuna anayeweza kulifungua gunia bila kuvunja sheria au kulipa bei ya wakusanyaji?

Kampuni nazo zinastahili kusikilizwa. Kuurudisha mchezo wa mwaka 1994 kunahitaji watu wa kuuhamisha kwenye mashine mpya na wanasheria wa kufuatilia haki za muziki na michoro, na hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kuuza kitu kwa hasara. Lakini pale wengine walipojitolea kuubeba mzigo huo, walizuiwa. Maktaba na hifadhi za Marekani ziliomba ruhusa ya kuwaonyesha watafiti michezo isiyouzwa tena kwa njia ya mtandao, bila wao kusafiri hadi kwenye jengo. Chama cha wenye viwanda vya michezo kilipinga, na Oktoba 2024 ombi likakataliwa, hofu mojawapo ikiwa kwamba watu wataitumia michezo hiyo kujiburudisha. Maktaba haimuulizi msomaji wa riwaya kama atafurahi. Naona hapa ndipo jina la zilipendwa linapofanya madhara yake: kitu kikiwa cha kuburudisha kumbukumbu tu, kuomba kukisoma kwa makini kunaonekana ni kisingizio.

Mfano unaoniuma zaidi ni Mother 3, mwendelezo wa EarthBound, uliotoka Japani mwaka 2006 kwa Game Boy Advance. Unaanza na familia moja ya kijijini inayompoteza mama, na unamfuata mtoto wake anayekua ndani ya pengo hilo huku kijiji kizima kikigeuzwa na fedha ambayo awali hakikuwa nayo. Haujawahi kutolewa rasmi kwa lugha nyingine yoyote. Mwaka 2008 kundi la mashabiki likiongozwa na Clyde Mandelin, mfasiri wa taaluma, lilimaliza kuutafsiri wote kwa Kiingereza bila malipo, na mwaka 2013 Mandelin alijitolea kuikabidhi kazi hiyo kwa Nintendo bure, waitumie wapendavyo. Mnamo Februari 2024 Nintendo iliuweka Mother 3 katika huduma ya kulipia ya mashine yake ya Switch, kwa Kijapani, kwa wateja wa Japani peke yao.