Tuache Kujaribu Kimoja Kimoja Mashambani

Mashamba darasa mengi ninayoyaona huku Mbeya hujaribu kitu kimoja kwa msimu. Mwaka huu mbolea, mwakani chokaa, mwaka unaofuata mbegu. Kwa macho ni uangalifu. Mimi naamini tunawapotezea wakulima miaka.

Chukua udongo wenye tindikali nyingi, usio mgeni Nyanda za Juu Kusini. Alumini na chuma vilivyomo huing'ang'ania fosforasi, kirutubisho cha mmea, mizizi isiipate. Ukijaribu DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, peke yake, mahindi yanaweza kuonyesha tofauti ndogo, nawe ukaandika kwamba haifai. Msimu mwingine unajaribu chokaa, inayopunguza tindikali, peke yake, nayo haikupi kikubwa, kwa kuwa fosforasi yenyewe ni haba. Viwili hivyo vikikutana ndipo mavuno yanapopanda. Anayejaribu kimoja kimoja hauoni kabisa mwingiliano huo, na hilo linaniuma kuliko hata gharama.

Mwanatakwimu Ronald Fisher wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliupinga mtindo huo tangu 1926. Kinachotisha watu ni hesabu: mbegu, chokaa, mbolea ya kupandia, nafasi kati ya mimea na palizi, kila kimoja kwa viwango 2, vinazaa michanganyiko 32. Nani ana eneo hilo Umalila? Lakini mwaka 1945 mwanatakwimu David Finney alionyesha kwamba sehemu tu ya michanganyiko inaweza kutosha.

Kiwango cha juu kipe alama ya kujumlisha, cha chini ya kutoa. Chagua michanganyiko yenye alama za kutoa 0, 2 au 4. Unabaki na vitalu 16, na kila kimoja kinachangia jibu la maswali yote 5, kwa sababu kila unapolinganisha ni vitalu 8 kwa 8. Kimoja kimoja, usahihi huohuo ungedai vitalu 48: 8 vya kulinganishia na 8 kwa kila kimoja cha vile 5. Gharama yake ni kwamba athari ya chokaa, tuseme, inachanganyika na mwingiliano wa vile vinne vingine kwa pamoja, ambao kwa kawaida ni mdogo sana.

Halafu kuna mteremko. Juu mvua imekomba udongo, chini umerundikana. Basi gawa vitalu 8 juu na 8 chini: kundi moja lichukue michanganyiko ambayo mbegu na palizi zina alama zinazofanana, jingine zinazotofautiana, kisha piga kura ya mahali pa kila kitalu ndani ya kundi lake. Hapo utapoteza mwingiliano wa mbegu na palizi, kwa kuwa unachanganyika na tofauti ya juu na chini, nami niko radhi. Wa chokaa na mbolea sikubali upotee.