Wapinzani Wawili wa Sura ya Pili

Rasimu ya kwanza ya mapitio yangu ya maandishi, ile sura ya pili ya tasnifu inayojadili tafiti zilizotangulia, ilirudi ikiwa imejaa wino mwekundu, na pembeni msimamizi wangu alikuwa ameandika kwamba hayo hayakuwa mapitio bali daftari la mahudhurio: fulani alisema hivi, fulani akasema vile, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Alinitaka niipange sura kwa hoja badala ya majina, niwakutanishe wanaokubaliana na wanaokinzana, kisha nioneshe pengo ambalo utafiti wangu ungeliziba. Ushauri huo ni sahihi, na nisingependa msomaji yeyote auhukumu kwa yaliyofuata.

Nilichora jedwali lenye safu za mwandishi, mwaka, swali la utafiti, mbinu, sampuli na matokeo, na humo nikaokota dhahabu. Mtafiti mmoja alikuwa amehitimisha kwamba wanafunzi huelewa matini kwenye skrini sawasawa na kwenye karatasi. Miaka michache baadaye mwingine, mwenye jina tofauti la ukoo, alizichambua upya data zilezile na kuibomoa kauli hiyo msingi hadi paa. Nani angetaka zaidi ya hapo? Niliwapa kurasa kadhaa peke yao. Niliandika kwamba wa pili "anaufichua bila huruma udhaifu wa mtangulizi wake," na kwamba wa kwanza, ambaye hakuwa amechapisha tena chochote, "amenyamaza, pengine kwa kukosa jibu." Kusema kweli nilishaanza kumwonea huruma.

Siku ya uwasilishaji niliisoma sehemu hiyo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilipomaliza, profesa mmoja mzee aliyekuwa mwisho wa meza alivua miwani yake, akaipangusa taratibu, akauliza:

"Mwanangu, hawa wawili wakikutana, unadhani watasalimiana?"

"Sidhani, Profesa. Uhasama wao kitaaluma ni mkubwa."

"Basi huyo mama ana taabu kila anapojitazama kwenye kioo."

Jopo zima lilicheka kabla sijaelewa. Alikuwa mtu mmoja. Kati ya makala ya kwanza na ya pili aliolewa, akabadili jina la ukoo, na kwa uungwana ambao watafiti wengi hawana akarudi kusahihisha kazi yake mwenyewe. Anwani ya barua pepe chini ya makala zote mbili ilikuwa ileile, na katika ukurasa wa pili wa ile ya baadaye kulikuwa na tanbihi ya maandishi madogo iliyosema waziwazi kwamba mwandishi anaipitia upya kazi yake ya awali. Ila tanbihi haziingii kwenye ikisiri, ule muhtasari mfupi wa mwanzo wa makala, na ikisiri ndiyo niliyokuwa nimeitumia kujaza jedwali.

Msimamizi wangu, ambaye wakati wote huo alikuwa akiitazama dari, aliniagiza nimhakiki kila mwandishi kwa ORCID, ile namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ambayo humfuata mtafiti hata akibadili jina au chuo. Nilifanya hivyo jioni ileile, mstari kwa mstari. Uhasama uliondolewa, na mahali pake nikaeleza jinsi mtafiti mmoja alivyobadili msimamo na sababu za kitakwimu zilizomsukuma. Aya hiyo, nadhani, ndiyo bora kuliko zote katika sura nzima.

Kazi ilikuwa haijaisha. Katika sehemu ya nadharia kulikuwa na msomi mwingine, anayetambulika katika rejea zangu kwa herufi moja na jina la ukoo, ambaye nilikuwa nimemmwagia sifa kwa upana wa maarifa usio wa kawaida, kwa kuwa aliandika kuhusu usomaji wa watoto, afya ya meno na magonjwa ya kuku. ORCID iliniletea watu watatu.