Barbier naye apewe haki yake

Kete nne tu kwenye ubao wa sataranji. Mfalme mweupe yuko b6 (herufi ni mstari wa wima, namba ni wa mlalo), askari wake c6. Mfalme mweusi kajibanza pembeni, a1, na ngome yake iko d5. Weupe waanze, washinde. Fumbo hili lilizaliwa Glasgow mwaka 1895, na karibu kila anayecheza sataranji kwa dhati amekutana nalo. Linaitwa kwa jina la Fernando Saavedra, padri wa Kihispania wa shirika la Wapasionisti, aliyekuwa akiishi mjini humo. Aliyelipanga ni mtu mwingine: Georges Emile Barbier, mzaliwa wa Ufaransa, bingwa wa Uskoti mwaka 1886 na mwandishi wa safu ya sataranji katika gazeti la Glasgow Weekly Citizen. Huyu akitajwa, hutajwa kwa kosa lake. Naona tumemwonea.

Kisa chenyewe kilikwenda hivi. Mwaka 1875 wachezaji wawili, Fenton na Potter, walikutana London wakaishia sare, na Zukertort, mchezaji mashuhuri wa enzi hizo, akaonyesha baadaye kwamba palikuwa na njia ya kushinda. Miaka ishirini ikapita. Potter alipofariki mwaka 1895, Barbier akaukumbuka mchezo ule, akauweka kwenye safu yake tarehe 27 Aprili. Kumbukumbu haikuwa sahihi, kete hazikuwa pale zilipokuwa kweli. Wiki iliyofuata akatoa jibu, akaongeza jambo lake mwenyewe: mchukueni mfalme mweusi kutoka kule mbali, mleteni a1, na sasa mwenye ngome anaokoka kwa sare. Tarehe 11 Mei akachapisha jinsi sare hiyo inavyopatikana. Tarehe 18 Mei akalazimika kuandika kwamba padri Saavedra amemwonyesha kuwa hakuna sare: mweupe anashinda.

Ili tuamue kwa haki, lazima tuzitazame hatua zenyewe. Askari anafika c7, na anataka kwenda c8 awe malkia. Ngome inampiga mfalme cheki kutoka d6, yaani inamtishia naye lazima akwepe. Mfalme akipanda b7, ngome inarudi d7, inamkamata askari, mchezo umekwisha. Akienda c5, ngome inashuka hadi d1 na kutoka nyuma inamsubiri. Kwa hiyo anateremka polepole: b5, b4, b3, huku ngome ikimfuata kwa cheki, d5, d4, d3. Mwishowe anafika c2. Cheki zimeisha, ngome yenyewe iko hatarini, na askari bado anasubiri hatua moja tu. Wengi wenye kete nyeusi hapa wangekata tamaa.

Ngome inakwenda d4.

Ukiipanga mezani utaona kwa nini hatua hii inamfanya mtu anyamaze. Mweupe akichukua malkia, kama mkono wa kila mmoja wetu unavyotaka, ngome inaruka c4 na kupiga cheki kwa kujitoa mhanga. Malkia hana budi kuila. Sasa tazama kona: mfalme mweusi hajatishiwa, lakini a2, b1 na b2 zote zimezibwa. Zamu ni yake na hana pa kwenda. Hiyo ni sare. Malkia mzima, na bado sare.

Saavedra alikataa malkia. Akamgeuza askari kuwa ngome. Ngome haifiki a2 kwa mshazari, kwa hiyo mtego wa c4 haufanyi kazi tena: ngome nyeusi ikiliwa, mfalme mweusi ana pa kukanyaga, na hatua inayofuata anauawa. Zaidi ya hayo, ngome mpya inatishia kwenda a8 na kumfunga mfalme. Mweusi hana jingine ila kuweka ngome yake a4 ajikinge. Ndipo mfalme mweupe anasogea b3, hatua moja ya kimya, inayotishia kuila ngome na pia kumfunga mfalme kwa ngome kwenye c1. Mweusi hawezi kuyazuia yote mawili.

Hoja ya wanaosimama na padri haina udhaifu. Fumbo ni jibu lake, na jibu ni la Saavedra. Barbier alikuwa mtaalamu, bingwa wa nchi, mwenye safu gazetini. Saavedra hakuwa na sifa yoyote ya utunzi, na hana kingine kinachokumbukwa katika sataranji. Aliona kile ambacho bingwa alikipita. Hatua moja imembeba miaka yote hii, na anastahili. Sina nia ya kumpunguzia hata chembe.

Lakini rudini kwenye d4. Ile hatua ni ya nani? Si ya Saavedra. Ni ya Barbier. Ni yeye aliyemsogeza mfalme mweusi kutoka upande wa pili wa ubao akamweka a1, kwa sababu aliiona kona ile na sare iliyojificha ndani yake. Mwacheni mfalme kule alikokuwa, na malkia anashinda bila shida, hakuna haja ya ngome yoyote, na padri hana la kutuonyesha. Uzuri wa kumkataa malkia unatokana wote na mtego unaomfanya malkia asifae. Mtego huo umefumwa na mkono wa Barbier. Alichokosea ni kudhani hauna tundu.

Nimelifikiria sana jambo hili, na kila nikilipima narudi hapohapo: katika fumbo hili kuna mawazo mawili, moja la mlinzi na moja la mshambuliaji, na kila mmoja wa watu hawa alileta moja. Vitabu vingine siku hizi huandika majina yote mawili chini ya mchoro, na hiyo ndiyo desturi ninayoiunga mkono. Hata Lasker, bingwa wa dunia wa wakati ule, aliyemrudisha askari hatua moja nyuma hadi c6 ili weupe waanze, hakuna aliyemwona hana mchango. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kuna jingine ambalo watu hulipita haraka. Barbier alikuwa na kalamu na ukurasa. Hoja ya msomaji inamkosoa mbele ya mji mzima, juma moja tu baada ya yeye kutangaza jibu. Angeweza kuikalia kimya, au kuichapa kana kwamba ameiona mwenyewe. Aliichapa, na akataja jina la aliyeileta. Jina la Saavedra tunalijua kwa sababu Barbier aliliandika. Mwaka huohuo, kabla haujaisha, Barbier mwenyewe alifariki.

Nikiwapangia vijana fumbo hili, siharakishi kufika c8. Ngome ikishafika d4 nasimama, nawaachia waitafute sare wenyewe, na wakiipata nawatajia jina la Barbier. Kisha nawauliza kama wana uhakika.