Githeri ya Texas

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyetoka kwanza, leso puani, akaniuliza kama kuna maandamano. Nikamwambia leo ni Jumapili. Akafikiri kidogo. "Hata mimi nimeshangaa," akasema, "nani aandamane Jumapili, tena huku Umoja?" Akapiga chafya tatu mfululizo, akarudi ndani kuwafungia watoto madirisha.

Hakukuwa na polisi wala vitoa machozi. Kulikuwa na mimi, sufuria, na mapishi niliyoyatoa kwenye simu.

Mke wangu ana chama cha akina mama 14. Wanakutana kila mwezi kwa zamu, na Jumapili hiyo zamu ilikuwa yetu. Tatizo ni kwamba alikuwa kazini hadi saa saba, na wageni walikuwa wanafika saa nane. Alishapanga kuagiza pilau kwa mtu. Mimi, ambaye nilikuwa nimewahi kuoka mkate wa ndizi ukaiva, na kupika kuku wa mtindi akalika, nikasema pesa hizo za nini ilhali niko. Amelelewa Likoni, kule Mombasa, na watu wa Likoni hawampi mtu jiko hivi hivi. Alinitazama kama anayempa mtoto simu mpya. "Haya," akasema. "Lakini usibadilishe kitu. Pika kama ilivyoandikwa."

Sasa, mimi sijawahi kupika kitu kama kilivyoandikwa. Mapishi ya mtandaoni huandikwa na watu wenye jokofu kubwa kuliko bafu langu. Ukiyafuata neno kwa neno utahitaji mkopo. Kwa hivyo nina utaratibu wangu: kila nikikosa kitu, nakitafutia ndugu yake.

Mapishi yalikuwa ya Marekani, yanaitwa chili. Nyama ya kusaga, maharagwe mekundu, vitunguu, nyanya, viungo. Kwa jicho langu hayo yalikuwa madondo yenye viza. Aliyeyaandika alikuwa mama wa huko, na unawajua hawa watu: ukitaka kuzifikia nyanya za kukatakata, sharti kwanza upitie nyanya aliyemzaa mama yake, shamba lake, mbwa wake, na baridi aliyomfundishia kupika. Nikamruka huyo nyanya kwa kidole gumba, nikatua moja kwa moja kwenye orodha ya vitu. Naomba ukumbuke kwamba nilimruka.

Orodha ilikuwa ya watu sita. Kwa kuwa tulitarajia 14 pamoja na watoto, nikazidisha kila kitu kwa tatu. Makopo mawili ya maharagwe yakawa sita. Nikayabeba dukani hadi karibu na keshia, nikajumlisha bei, nikayarudisha moja moja kwenye rafu. Maharagwe ni maharagwe. Kwa mama mboga wetu pale getini nusu gorogoro ya makavu ilitosha, na chenji ikabaki.

Pilipili ya unga, vijiko vitatu vya mezani, vikawa tisa. Hiyo niliifuata Ngara Jumamosi, kwa muuza viungo mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Unataka ya Kashmiri au ya kawaida?"

Nikauliza bei. Ya Kashmiri ilikuwa juu.

"Nipe ya kawaida."

"Ya kawaida ni kali, kijana."

"Mzee, mimi nimekulia Nairobi."

Akanipimia gramu 100 bila kuongeza neno. Watu wazima wanajua wakati wa kunyamaza.

Zikabaki jalapeño mbili, yaani sita kwa hesabu yangu. Sikuzipata. Ndugu yake ni nani? Pilipili. Na kwenye jokofu kulikuwa na mfuko wa pilipili mbuzi, nyekundu, zimenona, mama mkwe alizituma kwa basi kutoka Mombasa ili mke wangu atengeneze achari. Nikazihesabu. Zilikuwa sita kamili. Nikaona hiyo ni ishara.

Jumapili saa nne kasoro nikawasha meko. Nyama ikakaanga vizuri, vitunguu vikalainika, nikawa napiga mluzi. Mapishi yakasema sasa tia viungo kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja ili vitoe harufu. Nikatia vijiko tisa. Ule unga uliingia sufuriani ukiwa na rangi ya tofali, ukatulia kidogo, ukageuka rangi ya damu ya mzee, halafu ukainuka. Sisemi moshi. Moshi unauona unakokwenda. Hiki kilikuwa kitu kisichoonekana kilichonishika koromeo kwa mikono miwili. Nilizima moto nikitambaa. Nikafungua mlango ili nipate hewa, na hivyo ndivyo ghorofa nzima ya tatu ilivyopata mgao wake.

Machozi yalinitoka, nikayafuta. Kwa mkono uliokatakata pilipili mbuzi. Nitasema tu kwamba nilikaa dakika kumi na kichwa chini ya bomba, na kwamba baadaye nilipokwenda haja ndogo nilikuwa bado sijanawa kwa sabuni. Wanaume wanaosoma hapa wameelewa.

Nikarudi kwenye sufuria. Nikatia nyanya, nikatia maharagwe, nikatia maji, nikafunika. Imeandikwa dakika 45.

Saa sita nikaonja kwa ncha ya mwiko. Kwanza ikaja nyanya, ikafuata bizari, nikaanza kujipongeza. Halafu masikio yakaziba. Nikasikia moyo ukidunda kwenye ufizi. Nikatafuna harage ili nitulie, nalo likalia ka! kama kokoto. Nikampigia mke wangu.

"Haya maharagwe yako yana nini? Saa mbili zimepita."

"Uliyaroweka?"

"Kuyaroweka kwa nini?"

Kimya kidogo. "Nyanya umetia saa ngapi?"

"Mwanzoni, pamoja nayo."

"Ewe mume wangu! Maharagwe yakishatiwa nyanya kabla hayajaiva huwa mabishi. Na hapo ni Nairobi, si Likoni."

Hili la Nairobi na Likoni amelisema tangu tuoane, kwamba huku bara maharagwe hayaivi upesi, nami nikidhani ni majivuno ya watu wa pwani. Kumbe ni kweli tupu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100 ya kule kwao. Unaweza kuchochea moto hadi gesi iishe, maji hayaongezi joto. Habari ya pilipili sikumwambia. Mtu akiwa kazini hafai kupewa mizigo miwili.

Nikaanza kurekebisha. Nikaongeza maji, na ukali ukabaki pale pale, ila sasa ulikuwa na mahali pengi zaidi pa kutembea. Kile kinachounguza kwenye pilipili hupenda mafuta, maji hakiyajali. Nikasoma mahali kwamba viazi hunyonya ukali, nikamenya kilo mbili za waru. Sufuria ikajaa, nikahamia kubwa. Nikatia sukari. Nikatia siagi ya karanga. Nikasoma kwamba maziwa ndiyo dawa yenyewe, nikamimina pakiti mbili za maziwa lala, yakakutana na nyanya na moto, yakakatika vipande vyeupe vikaelea juu kama pamba. Nikakoroga kwa nguvu ili visionekane. Vikaongezeka.

Saa saba kasoro robo nikashuka mbio kwa mama mboga. Kila siku huchemsha githeri, mahindi na maharagwe pamoja, tangu alfajiri na kuiuza kwa bakuli.

"Nipe yote."

"Yote?"

"Pamoja na beseni, mama. Beseni nitarudisha."

Alinitazama jicho langu moja lililovimba, akanipa. Sasa hata sufuria kubwa haikutosha. Ikabidi nimwendee keateka, mtunza jengo letu, anitolee stoo sufuria ya ploti, ile ya wapangaji wote ya michango ya misiba, inayobebwa na watu wawili. Akanipa pole, akauliza nani ametutoka.

Mke wangu alifika, akavua viatu, akakohoa, akafunua kifuniko. Akazamisha upawa na kuuinua polepole: mahindi, maharagwe, waru.

"Baba watoto, hii ni githeri."

"Ni chili. Ya Texas."

"Texas wanapanda mahindi haya?" Kisha akakumbuka kitu, akafungua jokofu. "Pilipili za mama ziko wapi?"

Sikujibu.

"Zote sita?"

Kwa faida ya wengine: jalapeño, kwenye kile kipimo cha ukali kiitwacho Scoville, haizidi 8,000 hivi. Jamii ya pilipili mbuzi huanzia 100,000. Ni ndugu kweli, lakini mmoja ni karani na mwingine ni jambazi.

Akina mama wakafika. Wakapakuliwa. Mwenyekiti aliomba dua ndefu ya shukrani kwa mwanamume anayeingia jikoni, na mpaka leo naionea huruma dua ile. Kijiko cha kwanza kilipita kimya. Cha pili hakikuwa na haraka. Hakuna aliyesema neno baya, maana hao ni watu wenye adabu. Walisema tu, mmoja baada ya mwingine, kwamba kumbe nyumba yetu ina joto. Mara kwa mara kwenye kimya hicho ungesikia ka!, harage moja kati ya yale yangu limepata jino.

Mkutano wa chama huchukua saa nne. Huo ulichukua dakika 40. Mweka hazina alisoma hesabu machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na mwanachama mpya aliyekuwa amekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza akanong'ona kwa mwenzake, "Kwani pesa zimeliwa?" Mama mmoja aliyekuwa na deni la miezi mitatu, na ambaye huwa na hoja kila akidaiwa, alilipa lote hapo hapo kwa simu ili aruhusiwe kwenda kunywa maji.

Usiku, mke wangu amelala na mgongo wake kwangu, nilirudi kumsoma yule nyanya niliyemruka. Alikuwa ameeleza yote. Kwamba kile wanachokiita wao unga wa chili si pilipili tupu, ni mchanganyiko wenye bizari, kitunguu saumu na majani makavu, na kwamba mwenye kutumia pilipili tupu apunguze sana. Nikaendelea kusoma kwingine nikakuta kwamba Texas yenyewe, iliyokifanya chakula hicho kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, wenyeji wake wanaoshikilia mapishi ya asili hawataki kusikia maharagwe ndani yake. Nikazima simu.

Sufuria ya ploti niliiosha mara tatu: kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu. Nikairudisha inang'aa. Wiki mbili baadaye jirani wa ghorofa ya kwanza alifiwa na mjomba wake, tukakusanyika uani jioni kuchanga, chai ikapikwa, vikombe vikapitishwa. Mzee mmoja mgeni akapiga funda la kwanza. Akaitazama chai. Akakohoa, akauliza kwa upole ni tangawizi ya wapi hii.

Ploti nzima ikageuka kunitazama.