Mkuu wa kituo si hakimu

Nani mwenye simu Tanzania hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kuna waliotuma kweli. Kwa hiyo serikali ilipoagiza laini zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ikasogeza mwisho hadi 20 Januari 2020, hoja yake haikuwa ya kubezwa: tapeli asiye na jina hakamatiki. Nakumbuka manung'uniko ya siku zile yalihusu foleni zaidi kuliko faragha. (Jumbe zenyewe bado zinaingia.)

Kilichokosewa ni mpangilio. Vidole vilichukuliwa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikatungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Nywila ikivuja unaibadilisha, kidole je? Kenya nayo iliandikisha watu kwa Huduma Namba, mfumo wake wa utambulisho wa kidijitali, katikati ya 2019, sheria yake ya kulinda data ikafuata Novemba. Ila huko Mahakama Kuu iliibana serikali: Oktoba 2021 ilitamka kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikutangulia.

Kuna na swali la nani anaruhusu data za simu yako zifunguliwe: hakimu au polisi wenyewe? Polisi watakwambia mtoto akitekwa usiku hakuna muda wa kumtafuta hakimu. Wana haki, na mzazi yeyote angesema hivyo hivyo. Lakini kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hakikuandikwa kwa ajili ya usiku huo tu. Kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye data azitoe, mradi zinahitajika kwa upelelezi wa jinai. Yaani anayepeleleza ndiye anayejipa ruhusa. Ibara ya 16 ya Katiba inayalinda mawasiliano binafsi, kisha inaiachia sheria iweke utaratibu wa kuyaingilia. Utaratibu wenyewe ndio huu.

Mimi ningemwachia mkuu wa kituo amri ya dharura, ila ndani ya saa 48 aipeleke kwa hakimu aeleze alichotafuta na alichokuta. Hakimu akiikataa, data zifutwe, na mwenye simu aambiwe kwamba ilichunguzwa.